Uvimbe wa misuli ya matumbo: kupasuliwa peke haitoshi

Mutu akienda choo kubwa nyeusi kama lami, anachoka bila kazi na damu inapunguka mwilini, wengi wetu tunakimbilia dawa ya minyoo. Mara nyingi ni kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Lakini kuko pia ugonjwa wa nadra ambao wanganga wanaukuta kwa kuchelewa: uvimbe wa misuli ya matumbo.

Ndani ya ukuta wa utumbo kuko misuli inayosukuma chakula bila sisi kuiamuru. Uvimbe unaweza kuota pale. Ule usio kansa unaitwa liomioma. Ule wa kansa ni liomiosarkoma. Unaweza kukomaa muda mrefu bila maumivu, kisha unavuja damu, unaziba njia ya chakula, ao mugonjwa anagusa kitu kigumu tumboni.

Dawa yake kubwa ni kupasuliwa. Munganga anakata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na sehemu nzima kidogo kila upande, kisha anaunganisha ncha mbili. Anaangalia sana uvimbe usipasuke, maana mbegu za kansa zitamwagika tumboni. Na kwa sababu kansa hii inapitia katika damu, maini na mapafu pia yanapimwa.

Sasa, ile nyama iliyotolewa inaenda wapi? Hapa ndipo kuko shida. Kuko uvimbe mwingine, jisti, unaofanana na huu mpaka zamani wanganga waliuhesabu pamoja nao. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jisti nyingi zina kasoro katika jeni inayoitwa KIT. Leo vidonge vya imatinibu vinasaidia wagonjwa wengi wa jisti, lakini si dawa ya liomiosarkoma. Kwa macho tu, mupasuaji hawezi kuzitofautisha. Ni labo ndiyo inaamua.

Basi, ndugu musomaji, kama mutu wako amepasuliwa, uliza mbele ya kutoka hospitali: nyama imewekwa katika formoli na kutumwa labo? Majibu yatatoka lini? Turudi siku gani kwa kupimwa tena? Kisha chunga ile karatasi ya majibu vizuri. Bila hiyo, munganga atakayefuata hatajua ni dawa gani ya kuandika.