Riwaya za kisayansi si za watoto: vitabu sita tunavyokushaurini mvisome

Wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuiweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze vitabu. Tunasema "kidogo" kwa sababu, kama mtakavyoona, siasa yenyewe haikubali kukaa pembeni kwa muda mrefu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujaondoka nyumbani, tulipata wageni alfajiri. Walikuja kupekua. Walichukua madaftari yetu ya namba za simu, kanda za mahojiano, kompyuta, mpaka risiti za umeme. Mmoja wao, kijana mwenye adabu zake, alisimama mbele ya rafu ya vitabu akatuuliza vile vya chini ni vya nini. Tukamjibu: "Hizo ni hadithi tu, bwana. Za watu wa angani na mambo ya kubuni." Akatabasamu, akaviacha.

Walipokwisha kwenda, na sisi tulitabasamu. Laiti wangelijua kilichomo katika rafu ile, wangeanza na hiyo, na risiti za umeme wakatuachia.

Kisa hiki tumekikumbuka hivi karibuni kwenye arusi moja hapa Uingereza. Kijana wa Kiswahili, mzaliwa wa hapa hapa, alituona tumekaa kwenye kona na kitabu tukisubiri pilau. Akakisoma jalada, akatuuliza: "Ami, na wewe mtu mzima unasoma mambo ya maroketi?" Wakubwa waliokuwepo wakaangua kicheko. Hatukuwa na nafasi ya kumjibu pale, ngoma ilikuwa imeshaanza. Makala hii ndiyo jibu lake, na la wengine wenye fikra kama yake.

Roketi si hoja

Riwaya za kisayansi zinaweza kuwa na roketi na zinaweza zisiwe nayo. Msingi wake ni swali moja: ingekuwaje kama? Mwandishi hulibadilisha jambo moja katika dunia tunayoijua, kisha akayafuata matokeo yake mpaka mwisho. Ingekuwaje kama nyumba zote zingejengwa kwa kioo? Ingekuwaje kama kazi ya zimamoto ingekuwa kuwasha moto?

Swali hilo linaonekana la mchezo, lakini watawala wengi hawalipendi. Anayeuliza ingekuwaje kama mambo yangekuwa mengine ameshakubali kwamba yanaweza kuwa mengine. Ndiyo maana katika vitabu sita tutakavyovitaja, waandishi wawili waliwahi kufungwa na dola, na mmoja wao alikufa ugenini.

Tuanze na cha nyumbani

Cha kwanza mnakijua, pengine mlilazimishwa kukisoma skuli mkakichukia: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kirudieni. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, anashitakiwa kwa sababu ameanza kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta mema ya kuifaa nchi. Kila aliyerudi na mema hayo malipo yake yalikuwa kifungo.

Wapo watakaotuambia kwamba hiyo ni hekaya ya mafumbo na wala si riwaya ya kisayansi. Hatugombani. Mashine hamna. Lakini nchi ya kubuni imo, swali la ingekuwaje limo, na mwandishi wake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kwa kuipandisha nchi juu mawinguni, alipata nafasi ya kusema yale ambayo chini yasingesemeka. Tulio ugenini kitabu hiki kinatugusa kwa namna ya peke yake. Wangapi kati yetu tumetoka, tukaona mema ya watu, kisha tukaogopa kurudi kuyasimulia?

Mrusi aliyeandika "Sisi"

Yevgeny Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa hapa Uingereza, upande wa Newcastle, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya Urusi. Aliporudi kwao aliandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Sisi". Kwa Kiingereza itafuteni kwa jina la We. Watu wa nchi ile hawana majina, wana namba. Msimulizi ni mhandisi D-503. Nyumba ni za kioo ili kila mtu aonekane, na pazia hushushwa kwa kibali.

Chama kilichokuwa kimeshika hatamu kiliuona ujumbe. Kitabu kilikatazwa, kikatoka kwanza kwa Kiingereza mjini New York mwaka 1924. Urusi yenyewe ilikichapisha mwaka 1988. Zamyatin, aliyeonja jela ya mfalme na ya wanamapinduzi pia, alimwandikia barua Stalin mwaka 1931 akiomba aruhusiwe kuondoka. Aliruhusiwa, akafariki Paris mwaka 1937.

Sisi waandishi wa magazeti tumezoea kusema "sisi" hata pale mtu anapokuwa peke yake chumbani na chai yake iliyopoa. Kitabu hiki kilitufanya tulitazame neno hilo mara mbili. Ipo "sisi" inayommeza mtu mpaka anabaki namba.

Karani wa Wizara ya Ukweli

George Orwell alikijua kitabu cha Zamyatin na aliandika tahakiki yake mwaka 1946. Miaka mitatu baadaye, 1949, akatoa Nineteen Eighty-Four. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua Orwell kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Lakini kwa mwandishi wa habari, hiki cha 1949 ndicho kinachokosesha usingizi.

Winston Smith anafanya kazi katika Wizara ya Ukweli. Kazi yake ni kuyasahihisha magazeti ya zamani. Kiongozi akiahidi jambo na lisitimie, Winston huiandika upya habari ya siku ile ili ahadi ilingane na kilichotokea. Nakala ya mwanzo huchomwa. Tulipokisoma mara ya kwanza tulikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, tukadhani mwandishi ametia chumvi. Baadaye tukaajiriwa kwenye chumba cha habari, tukapokea simu ya kwanza ya kutakiwa habari fulani "irekebishwe". Hatukudhani tena.

Zimamoto wenye mafuta ya taa

Fahrenheit 451 cha Mmarekani Ray Bradbury kilitoka mwaka 1953. Guy Montag ni mtu wa zimamoto, ila zimamoto wa nchi ile huitwa kuchoma vitabu. Siku moja anaiba kimoja.

Bradbury hakwenda chuo kikuu. Alijisomesha katika maktaba za umma. Kitabu hiki alikianza katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, kwa taipureta za kukodi, senti 10 kwa nusu saa. Kitabu cha kutetea maktaba kiliandikwa ndani ya maktaba.

Kinachotufanya tukipendekeze kwa Waswahili ni mwisho wake. Montag anawakuta watu waliokimbilia porini, kila mmoja amehifadhi kitabu kizima kichwani. Mzungu anaposoma hapo hustaajabu. Mswahili anamkumbuka bibi yake, ambaye hakuwahi kushika kalamu, akiusoma utenzi kutoka moyoni ubeti kwa ubeti huku anapepeta mchele. Watu wale wa porini sisi tuliishi nao nyumba moja. Tuliobaki tumehifadhi nini?

Mwanamke anayevutwa nyuma

Octavia Butler alizaliwa California mwaka 1947, mtoto wa mama aliyefanya kazi majumbani mwa watu. Mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kupewa tunzo ya MacArthur, na alifariki mwaka 2006. Anzeni na Kindred, cha mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi wa Los Angeles mwaka 1976, ghafla anavutwa nyuma ya wakati hadi kwenye shamba la watumwa huko Maryland. Hakuna mashine inayoelezwa. Anavutwa, anaumia, anarudi na majeraha yake. Sisi wa mwambao, ambao utumwa kwetu ni jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini, tuna mengi ya kujifunza kwa mwandishi asiyeogopa kulitazama.

Mkimaliza, someni Parable of the Sower, cha mwaka 1993. Kinaanza mwaka 2024, ambao wakati ule ulikuwa mbali na leo umeshapita. Msichana Lauren Olamina, mtaa wao umeteketezwa, anashika njia kuelekea kaskazini kwa miguu, na njiani anakusanya wasio na kwao. Aliyewahi kuvuka mpaka usiku na mkoba mmoja hahitaji kufafanuliwa.

Wale ni sisi

Cha sita ni cha kwetu tena. Katama Mkangi, Mkenya wa pwani, alikuwa mhadhiri wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani, wakati wa msako wa waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Mwaka 1995 alitoa riwaya ya Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kuangamia anafanikiwa kukiendesha, na anafika katika nchi ambayo binadamu hamnyonyi mwenzake. Nchi hiyo inaitwa Walenisi: wale ni sisi.

Lengeni sikio kwenye jina hilo, kisha likumbukeni la Zamyatin. Mrusi alituonya juu ya "sisi" inayowageuza watu namba. Mkangi, ambaye naye aliionja jela, akatafuta "sisi" nyengine, ya mtu kumtazama mgeni akajiona yeye mwenyewe. Hatujui Kiswahili kingine cha kuieleza hali ya mkimbizi kwa maneno matatu. Mkangi alifariki mwaka 2004, na vijana wengi tunaokutana nao huku hawajapata kulisikia jina lake.

Hapo ndipo tunapotaka kumrudia yule kijana wa arusini. Hatumlaumu kwa kudhani kwamba mambo ya angani ni ya Wazungu na kwamba Kiswahili ni lugha ya harusi na maziko. Sisi wazazi ndio tuliomfikisha huko. Tulipofunga mizigo tulibeba kanga, vipimo vya viungo na picha za ukoo. Vitabu tuliviona vizito.

Vitano katika tulivyovitaja, yaani vile vya Kiingereza, vimo katika maktaba nyingi za umma hapa Uingereza, na kadi ni bure. Visivyokuwepo, mwambieni mkutubi, atawaagizieni kutoka tawi jengine. Vile viwili vya Kiswahili mwagizeni jamaa anayekuja kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa. Badala ya kilo ya pili ya visheti, mwambieni alete Kusadikika na Walenisi. Kisha msimpe mtoto akasome peke yake chumbani. Msomeeni, kurasa mbili kila usiku, na pale asipoelewa neno mweleze.

Yule kijana tumeshampatia nakala yetu ya Walenisi, ile ile iliyobakishwa kwenye rafu ya chini. Amefika ukurasa wa thelathini. Juzi alitupigia simu usiku kutuuliza neno "kizuizini" maana yake nini.