Arbitri anaogopa nani? Timu kubwa, timu ndogo na filimbi moja

Tarehe 18 desemba 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe yetu ilicheza fainali ya Kombe la dunia la klabu na Inter ya Milan. Pandev alifunga ku dakika ya 13, Eto'o ku dakika ya 17, Biabiany akamaliza ku dakika ya 85. Tatu kwa sifuri. Lakini huku Lubumbashi mechi haikuishia pale. Vijana walishuka mu barabara, wakavunja maduka ya Wachina na kubeba vitu. Wachina walikosa nini? Mwamuzi wa ile mechi aliitwa Yuichi Nishimura, mtu wa Japani. Mu macho ya wale vijana, Mjapani na Mchina ni mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa ameuzwa na Wazungu wa Inter.

Neno hilo tunalijua wote. Mechi ikiisha vibaya, kabla hata wachezaji hawajaingia mu vestiaire, utalisikia ku Kamalondo, ku Kenya, ku Katuba: "Arbitri balimuuza!" Wapenzi wa Lupopo wanalisema juu ya Mazembe, wa Mazembe wanalisema juu ya V.Club, wa V.Club wanalisema juu ya kila mtu. Lakini je, ni kweli? Waamuzi wanapendelea timu kubwa, ama ni maumivu ya kushindwa njo yanasema?

Tuanze na jambo moja lenye tunapenda kusahau: ukubwa wa timu unategemea pahali inachezea. Siku ile mu Abu Dhabi, Mazembe ilikuwa timu ndogo. Lakini wiki saba mbele yake, tarehe 31 oktoba 2010, Mazembe ilikuwa kwake, mu Lubumbashi, na iliifunga Espérance ya Tunis goli tano kwa sifuri mu fainali ya kwanza ya Ligi ya mabingwa ya Afrika. Watunisia walibaki na kumi uwanjani, na walirudi kwao wakimulalamikia mwamuzi, aliyetoka Togo. Hapa kwetu nani alilia siku ile? Hakuna. Tulicheza ngoma. Na Espérance wenyewe, wiki mbili tu mbele, waliitoa Al Ahly ya Misri kwa goli ya Eneramo, na picha za televisheni zilionyesha wazi kama aliifunga kwa mkono. Mwamuzi alikuwa Joseph Lamptey wa Ghana. Kwa hiyo mu miezi miwili hivi, Wamisri walilia, Watunisia wakalia, na nyuma yao sisi tukalia. Kila mmoja alimwona arbitri mubaya siku ile alishindwa.

Hiyo haina maana kama malalamiko yote ni uongo. Huyo Lamptey, miaka saba nyuma, mu 2017, FIFA ilimfungia maisha yote. Mu novemba 2016 alikuwa ametoa penalti kwa Afrika Kusini juu ya Senegal, akisema beki alishika mpira kwa mkono, na mpira uligusa goti. FIFA iliona kama haikuwa kosa la macho, na mechi ikarudiliwa. Mu 2018, filamu ya mwandishi wa habari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ilionyesha waamuzi wengi wa Afrika wakipokea feza. Mmoja wao alikuwa Aden Marwa wa Kenya, msaidizi aliyechaguliwa kwenda Kombe la dunia kule Urusi. Alipokea dola 600. Aliacha safari ya Urusi, na kisha akafungiwa maisha yote. Dola 600! Kwa feza hiyo hata kipande cha kiwanja hapa mujini kinakushinda.

Na Ulaya si watakatifu. Mu 2006, Italia iligundua namna wakubwa wa Juventus, Luciano Moggi mbele, walikuwa wanapiga simu kwa wale wenye kuchagua waamuzi. Juventus ilishushwa ligi ya pili na ikanyanganywa mataji mawili. Kule Hispania, korti imekuwa ikichunguza juu ya nini Barcelona ililipa mamilioni ya euro kwa makampuni ya José María Enríquez Negreira, wakati alikuwa makamu wa mkubwa wa waamuzi wa inchi. Klabu inasema ililipia ripoti za ufundi na haikununua mtu.

Kwa hiyo feza iko. Lakini wenye kusoma jambo hili kwa hesabu wanatuambia kitu kingine, na kwangu njo kikubwa zaidi: mara nyingi hakuna mwenye kumuuza arbitri. Anajiinamisha yeye mwenyewe, bila kujua.

Angalia mfano huu. Mu 2002, watafiti wa Uingereza walichukua waamuzi 40 wenye diploma, wakawaonyesha video ya mechi ya Liverpool na Leicester mu uwanja wa Liverpool. Kundi moja waliona na kusikia kelele za watu, kundi lingine waliona picha bila sauti. Ni video ileile, makosa yaleyale. Wale waliosikia kelele walipuliza makosa ya Liverpool pungufu kwa karibu 15 kwa mia. Hawakupewa hata franka. Kelele tu njo iliwaingia mu kichwa. Mu 2005, wanauchumi watatu walitoa hesabu za ligi ya Hispania: timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa goli moja, mwamuzi anaongeza dakika karibu mara mbili ya zile anaongeza kama timu hiyo iko mbele kwa goli moja. Na wakati wa Covid, mechi zilipochezwa bila watu, kadi za manjano za timu zenye kutembea zilipunguka mu ligi nyingi za Ulaya. Wachezaji walikuwa walewale, sheria ileile. Kilichotoka ni watu mu majukwaa.

Sasa fikiri juu ya arbitri kijana mwenye kutoka Kananga ao Kindu, mwenye kuingia mu uwanja wa Mazembe ku Kamalondo, ao mwenye kupuliza Lupopo siku ya derby. Hakuna mwenye kumupa bahasha. Lakini anajua kama kosa lake juu ya timu ndogo litasahauliwa kesho, na kosa lake juu ya timu kubwa litazungumzwa ku radio juma nzima. Anajua kama timu kubwa ina avoka, ina televisheni, ina mtu wa kupiga simu Kinshasa. Mpira ukigusa mkono na yeye hana uhakika, mkono wake wa filimbi unaenda wapi? Mu jambo lenye kuonekana wazi atapuliza vizuri. Ni mu lile lenye mashaka njo woga unaamua.

Na kwetu ukubwa wa timu si vikombe peke. Moïse Katumbi aliongoza Mazembe na, kati ya 2007 na 2015, aliongoza pia jimba la Katanga. Jacques Kyabula naye alikuwa gavana wa Haut-Katanga huku akiwa prezida wa Lupopo. Hatusemi kama mmoja wao alimutuma mtu kwa mwamuzi. Tunasema kitu chepesi: mkubwa wa timu akiwa pia mkubwa wa jimbo, hana lazima ya kusema neno. Arbitri anamwona amekaa pale mu jukwaa, na askari wenye watamlinda wakati wa kutoka ni askari wa jimbo lile. Ongeza na hii: kwa miaka mingi mu mashindano ya Afrika, wenye kupokea mechi njo walibeba hoteli na usafiri wa waamuzi. Mtu mwenye kulala mu kitanda chenye ulimulipia, hata akiwa mwaminifu, moyo wake una deni.

Lakini lazima tuwape wakubwa haki yao. Timu kubwa inapata penalti nyingi kwa sababu inashinda siku nzima mbele ya goli ya mwenzake. Mwenye kulima shamba kubwa atavuna mingi, si lazima awe mwizi. Kwa hiyo kuhesabu penalti za Mazembe na kusema "mwaona!" hakutoshi. Hesabu ya kweli ni ile ya makosa: mara ngapi mwamuzi alikosea, na makosa hayo yalienda upande gani.

Tena, ukubwa haukingi kila siku. Mu 2011 Mazembe, mabingwa wa Afrika mara mbili kwa kufuatana, walitolewa mu Ligi ya mabingwa juu ya muchezaji Janvier Bokungu, mwenye hakukuwa na haki ya kucheza. Nani aliandika malalamiko? Simba ya Dar es Salaam, timu tuliyokuwa tumeshaifunga uwanjani. Hawakutupa jiwe hata moja. Walileta karatasi, na karatasi ikashinda.

Na kuna makosa yenye si ya feza wala ya woga. Wazee wanakumbuka 1974, Kombe la dunia kule Ujerumani, Zaire na Yugoslavia. Ilunga Mwepu, beki wetu wa Mazembe, alimpiga teke mwamuzi wa Kolombia. Mwamuzi akageuka, akampa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, mwenye hakufanya kitu. Tulifungwa tisa. Mwamuzi yule hakutujua sura. Timu yenye haijulikani inaonewa hata bila mtu wa kuionea.

Wengine watasema: VAR itamaliza yote. Mu mei 2019, kule Radès, fainali ya Espérance na Wydad ilisimama kwa sababu Wydad walinyimwa goli, wakaomba VAR, na VAR ilikuwa imekufa. Wydad walikataa kuendelea. Na tarehe 18 januari 2026 mu Rabat, fainali ya Kombe la Afrika, mwenye filimbi alikuwa mtoto wetu, Jean-Jacques Ndala. Mu dakika za mwisho alikataa goli ya Senegal kwa kosa, na kisha, nyuma ya kuangalia VAR, akatoa penalti kwa Moroko, wenye nyumba. Wasenegali wakatoka uwanjani. Waliporudi, Brahim Díaz aliipiga polepole, kipa Mendy akaidaka, na mu prolongation Senegal wakafunga goli moja. Mashini ilikuwa inafanya kazi usiku ule, na kelele zilikuwa zilezile, kwani nyuma ya mashini kuna mtu. Siku hiyo Wakongomani wengi waliomba dunia imheshimu Ndala. Ni vizuri. Lakini ile heshima tuliyomuombea kule Rabat, tunaipa waamuzi wanaokuja hapa?

Hapa si mchezo tena. Tarehe 11 mei 2014, ku uwanja wa Tata Raphaël mu Kinshasa, V.Club walikuwa nyuma ya Mazembe kwa goli moja. Mawe yakaanza kuruka, polisi wakatupa gazi ya machozi, watu wakakimbilia mlango. Watu 15 walikufa. Walienda kuangalia mpira wakarudi mu sanduku. Neno "balimuuza" ni jepesi mu kinywa, lakini lina uzito wa maiti.

Basi jibu letu ni hili: hapana, waamuzi hawako sawa kabisa mbele ya timu kubwa na timu ndogo. Wachache wanakula feza. Wengi zaidi wanaogopa, na woga huo unaonekana mu mambo madogo: dakika za kuongeza, kadi ya manjano, mkono wenye mashaka. Na woga una dawa. FECOFA na Linafoot walipe waamuzi kwa wakati, ili hoteli na chakula visitoke mu mfuko wa klabu. Watangaze mapema namna mwamuzi anachaguliwa na nani anamuchagua. Nyuma ya mechi, ripoti isomwe wazi: hapa alikosea, hapa alipuliza vizuri. Mwenye kukosea mara nyingi upande mmoja apumzike, awe amepuliza timu ya gavana ama timu ya kijiji.

Na weye mpenzi wa mpira, kabla ya kupandisha sauti, jiulize maswali matatu. Kosa lilionekana wazi, ama hata weye ulilijua nyuma ya kuona picha mara tano? Kama lingekuwa kwa faida ya timu yako, ungelilia? Na uko na karatasi kama ile ya Simba, ama uko na jiwe tu? Mwenye kujibu vizuri maswali hayo, malalamiko yake yana haki ya kusikilizwa mpaka Kinshasa. Mwenye hawezi, aache duka la mwenzake na arudi nyumbani. Jumapili ingine mechi iko.