Mzio wa Mbwa (3): Deni Letu kwa Neptune

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, inapowadia kila mwaka, habari za chanjo hujaa magazetini. Ni jambo jema. Lakini hebu tazama foleni ya mbwa wanaosubiri sindano hapa Kisumu. Hakosi mmoja aliyejilaza pembeni, anajilamba katikati ya vidole hadi manyoya meupe ya mguu yamegeuka rangi ya kutu kwa mate. Huyo hana kichaa. Anawashwa, na mwenyewe anamfokea.

Viroboto, kupe na upele tuliwamaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo ni zamu ya mzio wa chavua, na ili kuueleza sina budi kurudi hadi 1901.

Mwaka huo Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu za viumbe wa baharini. Waliporudi Paris waliendelea na majaribio kwa mbwa. Mmoja wao, Neptune, alidungwa sumu kidogo asidhurike. Wiki kadhaa baadaye alidungwa tena kiasi kidogo tu, akaanza kutweta na kutapika, na haikupita nusu saa akafa. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kinga ya mwili, badala ya kumlinda mwenyewe, inaweza kumgeukia. Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kila binadamu anayetibiwa mzio leo ana deni kwa mbwa yule.

Mwaka 1941, huko Marekani, Fred Wittich alieleza kisa cha mbwa aliyeugua mzio wa msimu kama binadamu. Kwetu msimu ni mvua. Nyasi huchanua, na gugu karoti hufunika kando za barabara na viwanja vilivyoachwa. Serikali ya Kenya ilitangaza mmea huo kuwa gugu hatari mwaka 2010. Mche mmoja hutoa mbegu zaidi ya 10,000, na unajulikana kwa kuwasha ngozi za watu na mifugo. Mbwa hupita humo kwa tumbo na nyayo tupu.

Tiba kwa ufupi: mfute nyayo kwa maji safi kila arudipo, umkaushe vizuri katikati ya vidole. Ukiona usaha, harufu mbaya au masikio mekundu, mwone daktari wa mifugo, maana bakteria na kuvu huingia penye mikwaruzo. Mzio hauponi kabisa, ila hutulizwa. Usimpake oili chafu ya gari wala dawa ya kupe ya ng'ombe. Atailamba, na ni sumu.

Mnyama anayelinda boma usiku kucha hastahili kulipwa mateke kwa sababu anajikuna. Vaa glavu, ung'oe gugu karoti uani kwako kabla halijachanua, na umhimize jirani afanye vivyo hivyo.