Dhima ya Uongozi wa Kienyeji katika Afya ya Jamii: Mfano wa Biharamulo na Ngara

Uongozi wa kienyeji katika makala hii haumaanishi utemi, ambao ulifutwa kisheria mwaka 1963, bali mamlaka ya wale wanaoendewa kwanza na watu: mwenyekiti wa kitongoji, wazee wa ukoo, mganga wa jadi. Mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025, unalidhihirisha jambo hilo. Wagonjwa wawili walithibitishwa, wanane walidhaniwa kuugua, na wote kumi walifariki. Maabara hutambua kirusi. Haiwezi kujua nani aliosha maiti, nani alilala matangani, wala nani aliondoka alfajiri kwenda Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Hayo anayajua jirani. Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, na mkulima hakubali kuhojiwa kila siku wakati wa palizi ila na mtu anayemwamini. Hapo ndipo usawa wa kijamii unapohojiwa. Mwenyekiti wa kitongoji hutegemewa katika ufuatiliaji huo, ilhali hana mshahara. Mganga naye anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, lakini utambuzi huo haumpatii hata jozi moja ya glavu, naye huenda ndiye wa kwanza kumshika mgonjwa.