Ziwa Nakuru Lililomo Albamuni Mwangu

Majuzi mjukuu wangu alifungua albamu yangu kuukuu, akakodolea picha moja macho, kisha akaniuliza: "Babu, maji haya uliyapaka rangi?"

Picha hiyo niliipiga miaka mingi iliyopita nikiwa juu ya jabali la Baboon Cliff, katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Ufuo mzima ulikuwa wa rangi ya waridi kwa wingi wa heroe, ndege ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo. Mjukuu wangu hakuwahi kuliona ziwa hilo. Analolijua yeye lina mwari na migunga iliyokufa wima majini.

Mpenzi msomaji, uraibu huu wa kupiga picha za mandhari na wanyama nilianza na kamera ya mtumba. Filamu moja ilitoa picha 36, na kila nilipobonyeza niliwaza gharama ya kuisafisha. Mama watoto alinung'unika, na haki alikuwa nayo, maana kuna filamu iliyokula pesa za sukari ikarudi kutoka studio nyeusi tititi!

Kila msimu una picha zake. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, nyasi huwa fupi na wanyama huonekana vyema, ila vumbi hufifisha milima ya ng'ambo. Masika yakiingia, nyasi humficha hata kifaru, lakini mvua ikipusa hewa hutakata. Mimi mandhari hupiga masika. Vuli nayo huleta ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Msimu uwao wote, fika alfajiri. Jua la saa sita huua picha.

Lakini ziwa nalo lina misimu yake mirefu. Katikati ya miaka ya tisini lilikauka karibu lote, kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalijaza. Tangu mwaka wa 2010 hivi maji yamepanda, yakameza barabara na hata lango kuu la zamani. Maji ya mvua na mito yalipozimua magadi, mwani wanaoula heroe ulipungua, na wengi wao wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Nina picha za simba zisizohesabika, nyingi zikiwa za mkia tu kichakani. Lango lile nililipita mara nyingi ajabu, mbio mbio nisichelewe, na sina picha yake hata moja. Wala sina za ufuo siku ambazo ndege hawakuwako, kwa kuwa niliona ni kupoteza filamu.

Ndiyo maana humshauri kila anayeanza achague mahali pamoja, arudi hapo kila msimu, apige hata pasipo na mnyama, na aandike tarehe. Simu ya mkononi yatosha kwa mandhari. Lenzi ndefu ni ya wanyama walio mbali, nayo yaweza kungoja.

Aprili, shule zikifungwa, tutapanda jabali lile, mjukuu na simu ya mamake, mimi na kamera yangu. Nimemwambia aanze kwa kupiga picha ya lango tutakaloingilia.