Usimuulize "Unarudi Lini?"

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, mwenzangu wa chumba alikuwa anapanda ngazi za hosteli hadi ghorofa ya tatu bila kushika ukuta. Magongo alishayarudisha. Mimi, kapteni wa netiboli wa darasa letu, nikaona mambo tayari. Nikaandika jina lake kwenye karatasi ya mechi ya Jumamosi bila hata kumuuliza. Alicheza dakika kumi. Akadaka mpira, akatua, goti likageuka. Kesho yake lilikuwa limevimba kama papai.

Tangu siku ile nimesoma habari za goti kuliko nilivyosomea mtihani wa saikolojia ya elimu.

Kilichochanika mwanzoni ni ile ligamenti ambayo wapenzi wa mpira mnaisikia kwa jina la ACL. Iko katikati ya goti, inaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijizungushe ovyo. Wengi tunadhani inakatika kwa kukwatuliwa, lakini mara nyingi hakuna aliyekugusa: unatua, unasimama ghafla, au unageuka huku unyayo umeganda chini. Netiboli imejaa hayo, maana ukishadaka mpira kanuni haikuruhusu kukimbia nao. Na sisi wasichana tuko kwenye hatari kubwa kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule.

Hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Kwa kawaida daktari haishoni ile iliyochanika. Anachukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, labda nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, anakipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani. Kipande hicho kimeng'olewa kwenye damu yake. Lazima mishipa mipya ya damu iote ndani yake, na hilo likiendelea, kwa miezi ya mwanzo kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Muda huohuo maumivu yanapungua! Yaani mtu anaanza kutembea vizuri wakati ndani bado hakujaiva. Zile ngazi za hosteli hazikuwa kipimo cha chochote.

Utafiti mmoja uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia wa 9, kiwango cha kuumia tena kilipungua kwa kama nusu. Na miezi peke yake haitoshi. Paja la mguu ulioumia husinyaa, hivyo wataalamu wa fiziotherapia hutaka nguvu zake zifike angalau asilimia 90 ya mguu mzima, halafu wanapima na kuruka kwa mguu mmoja. Virgil van Dijk aliumia Oktoba 2020 akaamua kutokwenda Euro iliyochezwa 2021. Alexia Putellas aliumia Julai 2022, akarudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023. Hao wana madaktari na mashine za kila aina. Sisi wa kufanyia mazoezi kwenye ngazi, na nauli ya kliniki inayosubiri bumu, haraka ya nini?

Halafu kuna woga. Katika kila wachezaji 100 waliofanyiwa upasuaji huu, kama 55 tu ndio hurudi kwenye mashindano, na hofu ya kuumia tena ni sababu mojawapo kubwa. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba Jumamosi ile alikuwa anatetemeka, ila aliona tukimkosa tutasema anadeka. Kweli tungesema. Kila siku mtu alikuwa anamuuliza "we unarudi lini?", nikiwemo mimi, na kumbe swali hilo lilikuwa linamsukuma uwanjani.

Siku hizi namuuliza leo amefanya mazoezi gani. Namhesabia akichuchumaa kwa mguu mmoja kwenye ngazi, maana peke yake anaruka seti ya mwisho (nimemkamata mara mbili). Kwenye mechi anakaa benchi na jezi yake, anaandika magoli. Tarehe ya kurudi anapanga yeye na mtaalamu wake. Kapteni hana kura. Ninyi wenzangu wa Elimu, mkipangiwa shule mtakabidhiwa timu ya UMISSETA hata kama hamjui filimbi inapulizwaje, na mtakutana na binti wa namna hii huku mkuu wa shule anataka kombe.

Bahati nzuri, kipimo cha MRI kilionyesha ligamenti mpya imeshika, ila mazoezi yake yalirudi nyuma wiki sita. Sasa ni mwezi wa kumi. Jumapili iliyopita tulipima kuruka kwa futi kamba ya fundi cherehani: mguu mzima sentimita 120, wa upasuaji 104. Nikapiga hesabu kwenye simu, asilimia 87 hivi.

"Kapteni, bado," akasema.

Nikakunja futi, tukaenda kula.