Je, Wajua? Fukuto la Kukoma Hedhi Huanzia Kichwani

Je, wajua kwamba lile joto la ghafla linaloanzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni, halitokani na jua wala pilipili? Chanzo chake ni kisehemu kidogo chini ya ubongo kiitwacho haipothalamasi, ambacho mojawapo ya kazi zake ni kulinda joto la mwili. Homoni ya estrojeni inapopungua, seli fulani za neva mahali hapo huchachamaa, na ubongo huanza kuliona joto la kawaida kuwa limezidi. Likipanda kidogo tu, amri inatoka: mishipa ya ngozi ifunguke, jasho litoke. Ndiyo maana katikati ya kipupwe utamwona mama muuza vitenge amevua mtandio, anajipepea kwa kipande cha boksi, jasho linamtiririka nyuma ya masikio, huku mteja wake amevaa sweta. Dakika chache baadaye mama huyohuyo anasikia baridi, maana mwili umepoteza joto ulilokuwa unalihitaji.

Usiku ndipo penye kazi. Shuka linalowa, usingizi unakatika, na asubuhi hasira ziko karibu. Ni rahisi kudhani ni malaria na kukimbilia dawa mseto dukani. Pima kwanza! Fukuto hili halileti homa. Na jasho la usiku likifuatana na kikohozi kisichoisha na kukonda, kapime kifua kikuu, usisingizie umri.

Wengi huambiwa, "Vumilia, yatapita." Yatapita lini? Utafiti uliofuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa waliosumbuliwa mara kwa mara, nusu yao waliishi na fukuto kwa zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani Weusi ilipita miaka 10. Huwezi kumwambia mtu avumilie miaka 10 na ukasema umempa ushauri.

Feni na maji baridi huburudisha, na hakuna ubaya kuvitumia, ila haijathibitika kwamba hupunguza idadi ya mafukuto. Mwaka 2023 wataalamu wa Amerika Kaskazini walipopitia njia zisizotumia homoni, walizopendekeza ni pamoja na kupunguza uzito kwa walionenepa na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo. Soya haikupita. Mwezi Mei mwaka huohuo Marekani iliidhinisha fezolinetanti, dawa isiyo homoni inayozuia ujumbe unaozichochea zile seli za neva zilizochachamaa.

Vipi kuhusu homoni zenyewe? Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni hizo ilisimamishwa kwa sababu ya hatari ya saratani ya matiti na magonjwa ya moyo, na wanawake wengi duniani wakaziacha kwa hofu. Lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi zamani. Leo msimamo wa madaktari ni kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari, mradi hajawahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwenye mishipa. Mwenye kizazi hupewa projesteroni pamoja na estrojeni, ili utando wa kizazi usikue kupita kiasi. Haya ni ya kuzungumza na daktari; usichukue vidonge vya jirani.

Je, wajua kwamba ukavu ukeni, tofauti na fukuto, hauishi wenyewe kwa kusubiri? Vilainishi vya maji husaidia, na ipo krimu ya estrojeni ya kupaka humo humo. Mafuta ya mgando yaache, huharibu kondomu za mpira. Na kondomu bado ina kazi: aliye chini ya miaka 50 anashauriwa kuendelea kuzuia mimba miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, aliyevuka 50, mwaka 1. Somo humfunda mwari hedhi inapoanza. Naona angemrudia pia inapokoma, maana hapo ndipo wengi tunapoachwa peke yetu.

Hata hivyo kukoma hedhi si ugonjwa, na hakumpati binadamu peke yake. Mwaka 2023 watafiti waliripoti kwamba sokwe majike wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, nao hukoma kuzaa na kuishi miaka kadhaa baadaye. Na aliyekoma kuzaa bado ana kazi: kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake waligundua kwamba mama anaponyonyesha kichanga, kuongezeka uzito kwa watoto wake wakubwa huenda sambamba na bidii ya bibi yao katika kuchimba mizizi porini.

Jambo moja halisubiri. Ukipitisha miezi 12 bila hedhi, kisha damu ikaonekana tena, hata tone, nenda hospitali ukachunguzwe. Mara nyingi huwa ni jambo dogo, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, na ikigunduliwa mapema hutibika.